Mzee wa Vioo na Nyuzi za Kati

Mgeni akisikia jina la Mzee wa Vioo kwa mara ya kwanza pale mtaani kwetu Mbagala, alidhani ni fundi wa madirisha. Kuna baba mmoja alihamia nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Jumapili yake ya kwanza akamfuata Mzee na futi ya fundi mkononi, akamweleza dirisha la sebuleni lina upana gani na kwamba anataka kioo cheusi kisichoonyesha ndani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Aliandika vipimo vyote pembeni mwa gazeti lake, kisha akamwambia kwa upole kwamba vioo vyake yeye ni vidogo kama kidole, na Mungu amwepushe na siku ya kuvihitaji. Yule baba aliondoka akiamini amekutana na mganga.

Kazi yake ilikuwa maabara, mjini. Daktari akimkata mtu kinyama cha uvimbe, kinyama hicho kilifika kwake ndani ya chupa. Yeye ndiye aliyekikausha, akakigandisha ndani ya nta, akakikata vipande vyembamba kiasi kwamba unene wa unywele mmoja ungetoa vipande ishirini, akavibandika juu ya vioo na kuvitia rangi. Kusoma majibu ilikuwa kazi ya daktari wa hadubini. Lakini mtu aliyekata vinyama kwa zaidi ya miaka thelathini hawezi kujifanya hajui kusoma, na mtaa ulilijua hilo. Watu walimvizia dukani, wakamsogelea na kumnong'oneza, vipi Mzee, ya kwangu imekaaje. Jibu lake lilikuwa lile lile kwa wote, kwamba amuulize daktari, yeye anakata mkate tu, waliojaliwa meno ndio wanaokula.

Kwao hakuna aliyekujua. Na hili liliuma, maana Mbagala watu hawatulii mpaka wajue wewe ni mtani wao au siyo. Wazaramo walimjaribu kwa utani akacheka nao, Wanyamwezi wakamjaribu akacheka nao, Wahaya wakasema hapana, huyu Kiswahili chake ni cha pwani, na watu wa pwani wakasema hapana, mbona anaivuta r. Akiulizwa kwao wapi alijibu ni nyumba ya bati la kijani, na kweli bati lake lilikuwa la kijani. Nami sitajifanya najua. Nitasema tu kwamba mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia kutambua kila uvimbe ulikotoka, yeye mwenyewe aliishi katikati yetu bila kujulikana kwao, na alilipenda jambo hilo.

Alikuwa mwoga wa damu. Nikisema hivi watu hucheka, lakini nilimwona kwa macho yangu akigeuka na kushika ukuta siku ya Idi jirani alipomchinja kuku uani. Kinyama ndani ya chupa hakikumtisha, alisema kile kimeshatulia. Hakumpa mtu mkono, kwa sababu mikono yake ilinuka ile dawa ya kuhifadhia vinyama, formalini, hata akiinawa kwa limau. Akikusalimia alikunyooshea kiwiko. Watoto wa mtaa walidhani viwiko ndiyo adabu ya watu wa mjini, na kwa muda fulani wote wakawa wanasalimiana hivyo.

Na hakuwa akiuliza swali mara mbili. Ukijibu ovyo, au ukajifanya hujasikia, alikuacha na ovyo lako. Nilipokuwa sekondari niliwahi kumuuliza kwa nini, akaniambia swali ni kama kioo chake cha maabara, ukikishika mara ya pili kinabaki na alama za vidole. Ndivyo alivyokuwa hata na mkewe, ambaye alilalamika kwa mama yangu kwamba mumewe akiuliza kuna chai au uji, na yeye akachelewa kujibu, basi mazungumzo yote ya asubuhi yameishia hapo. Naomba jambo hili likumbukwe. Mimi nililisahau siku niliyotakiwa kulikumbuka.

Mama yangu alikuwa msusi. Alisukia barazani kwetu, wateja wakikaa kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda nyuma yao. Mzee alikuja na gazeti lake siku za mapumziko, akakaa kwenye ngazi, na kabla hajafika ukurasa wa pili alikuwa ameshaliweka chini na kuanza kufundisha. Hakuna aliyemwomba. Wateja wa mama walikuja kusukwa mtindo wa twende kilioni wakaondoka wanajua mambo ya seli.

Alisema ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna mifupa, ila ni mifupa ya nyuzi, na nyuzi zenyewe ni za aina tatu. Kuna nene, zilizo kama mabomba, ambazo ni barabara, mizigo hupita juu yake. Kuna nyembamba sana, ambazo huvuta na kuifanya seli itembee. Halafu kuna zilizo katikati kwa unene, na hizo hata jina hawakujisumbua kuzipa, wakaziita nyuzi za kati basi. Mama alisema ni kama mtoto wa kati, mkubwa anarithi na mdogo anabembelezwa, yeye anapewa nguo zilizobaki. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema wanafunzi wote hukimbilia zile mbili kwa sababu zina vituko, lakini ukimfinya mtu ngozi na ukaivuta na isichanike, ujue aliyeishikilia ni huyo mtoto wa kati.

Siku moja alimwomba mama nywele za bandia, ili amwonyeshe jinsi nyuzi za kati zinavyoumbwa. Akachukua uzi mmoja na wa pili, akazisokota pamoja. Akafanya jozi nyingine kama hiyo. Kisha akazilaza jozi mbili ubavu kwa ubavu, lakini moja kichwa huku na nyingine kichwa kule, tena zimepishana kidogo. Mafungu manane ya namna hiyo, alisema, ukiyaweka pamoja, ni nyuzi thelathini na mbili, na hiyo ndiyo kamba ya kati. Mama alichukua lile fungu mikononi mwake, akalivuta, akasema hata yeye huwa anapishanisha vichwa vya nywele anapotaka rasta zisifumuke, maana ukivilaza upande mmoja zinateleza. Mzee akamtazama kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akimtazama nayo daktari. Akasema kwa sababu ya vichwa kupishana kamba hiyo haina mbele wala nyuma, na isiyo na mbele wala nyuma haiwezi kuwa barabara, hakuna mzigo utakaojua unaelekea wapi. Kwa hiyo haibebi chochote. Ukiivuta kidogo ni laini, ukizidi kuivuta ndiyo inazidi kukaza, na kila mwisho wake umefungwa kwenye kifungo, na upande wa pili wa kifungo hicho kuna kamba ya seli ya jirani.

"Dada, kazi yake ni kushika tu," akamwambia mama. "Na unywele huu wa mtu unaousuka, ndiyo hizo hizo, zimejaa mpaka seli yenyewe ikafa. Sie wawili kazi yetu moja."

Mama aliupenda sana usemi huo. Akiulizwa na mteja mgeni yule mzee ni nani, alijibu ni mfanyakazi mwenzangu.

Ukidhani alikuwa mtu wa maneno ya barazani tu, hapana. Mtaa wa nyuma kulikuwa na binti aliyejifungua mtoto ambaye ngozi yake ilijaa malengelenge kila aliposhikwa. Ukimbeba kwapani panavuja, ukimvisha soksi ngozi inatoka nayo. Watu wakaamua kwamba yule binti anamuunguza mtoto kwa maji ya moto. Wakamwita kwa mjumbe, wanawake kumi na wengine juu yake, na mimi nilikuwepo, nilikwenda kutazama. Mzee wa Vioo, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao hata cha taka, aliingia, akasimama katikati na kueleza kwamba mtoto huyu amezaliwa na kamba za ngozi zenye hitilafu, kwamba ngozi ya juu haijashikwa vizuri na ya chini, na kwamba hata malaika akimbeba ataota malengelenge. Mwishoni aliwaambia kama wanatafuta aliyemuunguza, wamwandike yeye. Kikao kilivunjika kwa aibu. Yule binti alihama na mwanawe baada ya miezi michache na sikupata habari zao tena. Ninachotaka kusema ni kwamba nilishamwona Mzee akithubutu. Kwa hiyo siwezi kusema alikuwa mwoga wa watu.

Kitu kimoja alikisema mara chache, na akikisema alishusha sauti. Kila ukoo wa seli una kamba zake za kati. Seli za ngozi na za matiti na za utumbo zina zao, za misuli zina zao, za neva zina zao. Seli ikiasi ikawa saratani husahau kila kitu, husahau kazi, husahau sura, husahau adabu. Ukiitazama huwezi kujua ilikuwa nani. Lakini mara nyingi kamba zake za kati hazisahau. Kuna dawa zinazozitafuta kamba za ukoo mmoja tu, ukimwaga dawa ya ngozi na kioo kikashika rangi ya kahawia, seli imejitaja. Ukishajua ukoo, daktari anajua silaha. Bila hivyo anapiga gizani. Mzee alisema katika kazi zake zote hiyo ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi.

Basi mama akaota uvimbe kwapani, mkono wa kulia, mkono wa kusukia.

Sitaeleza yote. Hospitali walisema unaweza kuwa umetoka kwenye titi, unaweza kuwa wa damu, unaweza kuwa wa nyama zenyewe, na dawa za hapa siyo dawa za kule, kwa hiyo lazima wakate kinyama. Walikata siku ya Ijumaa. Mama alilia, siyo kwa maumivu peke yake, alisema ameona kama anagawanywa. Nesi akanipa chupa na fomu nipeleke mwenyewe maabara, ndivyo ilivyokuwa, ndugu ndiye tarishi. Alinisisitiza nisiifungue kwa hali yoyote, kwamba maji yale yanayonuka ndiyo yanayokitunza. Lakini dirisha la kupokelea lilikuwa limeshafungwa, ikabidi chupa ilale kwetu mpaka Jumatatu.

Mama Mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyetulea sisi sote, mama yangu akiwemo. Yeye ni mwosha. Mwanamke akifariki mtaani, wanamwita. Ameosha wanawake wengi wa Mbagala hii, kwa mkono wake mwenyewe, na sijapata kumsikia akisimulia alichokiona. Jioni ile ile ya Ijumaa, mimi nikiwa nimekwenda sokoni, aliiona ile chupa kabatini. Akaona kipande cha mdogo wake kimelowekwa kwenye dawa inayochoma pua, hakijaoshwa, hakijafunikwa, kama kitu cha kutupwa. Akafanya anachokifanya siku zote. Akaimwaga ile dawa. Akakiosha mara tatu kwa maji safi. Akaiosha na chupa, akakirudisha ndani na kukijazia marashi ya waridi, yale yale anayowapaka marehemu. Aliniambia mwenyewe Jumatatu asubuhi, bila kuficha, uso umetulia kama mtu aliyetoka kuswali.

"Hata kikiwa kipande, ni mtu," alisema. "Siwezi kumwacha alale vile."

Mie nafanya kazi Kurasini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni kukagua sili za makontena, zile lakiri zinazoonyesha kama mlango umefunguliwa. Nikiona sili imeguswa, hata kama mwenye mzigo ni mjomba wangu, nalisimamisha kontena na kuandika. Ndiye mimi niliyesimama jikoni na chupa inayonukia waridi mkononi, nikajua kwamba nilichoambiwa kisifanyike kimefanyika. Nilijua. Sikujua kwa nini ni vibaya, lakini nilijua kwamba ni vibaya. Ningeweza kurudi hospitali asubuhi ile ile. Niliwaza mama atakatwa tena. Niliwaza nitamwambiaje Mama Mkubwa kwamba mikono yake imeharibu. Niliwaza pia, na hili naliandika kwa aibu, kwamba nimeomba ruhusa ya nusu siku tu. Nikaifuta chupa vizuri kwa kitambaa, nikaenda.

Dirishani alikuwepo Mzee wa Vioo. Nilimwona pale kabla yangu akimrudisha daktari kijana aliyeleta chupa yenye kifuniko kilicholegea, akimwambia bila kupandisha sauti kwamba kinyama cha mtu si achari, akaanze upya. Alinijua, akainyoosha mikono yake miwili kuipokea yangu. Akaisogeza karibu na uso.

"Imefunguliwa?"

"Hapana."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Aliitazama fomu, akalisoma jina la mama, akanitazama mimi.

"Mwanangu. Imefunguliwa?"

"Hapana, Mzee."

Akaandika tarehe. Nikashukuru, nikawahi kazini. Sikuwaza kabisa kwamba mtu yule ameuliza mara mbili.

Majibu yalichukua wiki tatu na siku kadhaa. Mzee hakuja barazani wiki zote hizo. Mkewe alisema anatoka alfajiri na anarudi amechoka, hata gazeti hataki. Mwishoni karatasi ikatoka, imeandikwa kwamba kinyama hakisomeki, tafadhali chukueni kingine. Haikuandikwa kwa nini. Mama aliisikia, akageukia ukutani. Alisema wamemkata, wamekipoteza, sasa wanataka kingine, na yeye hana cha kugawa tena. Tulimbembeleza. Mama Mkubwa alimbembeleza kwa machozi, akimwambia mdogo wangu kubali, wajue unaumwa nini. Mie nilikaa mlangoni nikiwasikiliza wale wawili, na nikanyamaza. Wiki zikapita, ule uvimbe ukashuka kifuani, mkono ukavimba hata kitana hakishikiki. Wateja wakaja wakakaa tu kwenye mkeka wakimtazama. Alipokubali kurudi hospitali, madaktari walisema sasa kukata ni kumtesa.

Mama Mkubwa alimwosha. Ni mwosha pekee ninayemjua aliyemwosha mtu mmoja mara mbili, na mwenyewe hajui kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyoileta ya pili, au labda haikuileta. Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama mpaka leo. Nimejaribu kusali, nimejaribu kulia, nimejaribu kujiambia ni amri ya Mungu. Amri ya Mungu naikubali. Ninachoshindwa kukikubali ni ile "hapana" yangu, maana hiyo haikuwa amri ya mtu yeyote.

Mzee alikuja msibani akakaa mbali, mwisho wa jamvi. Hakuninyooshea kiwiko. Baadaye alistaafu, akauza nyumba ya bati la kijani, akahamia Chamazi kwa mwanawe. Watu walisema anataka hewa. Mie niliona ameondoka barazani kwetu, na sikumlaumu, nilihisi amenitupia jicho la kujua na hataki kulirudia. Miaka ikaenda. Nikawa nasikia habari zake kwa mbali, kwamba macho yameingia ukungu, kwamba amekuwa mkali kwa wajukuu, kwamba ana kidonda mguuni kisichofunga.

Mwaka jana mwanawe alinipigia simu akasema mzee ananitaja. Nilipojiandaa kwenda, Mama Mkubwa, ambaye sasa anaishi nami na anatembea kwa kushika ukuta, alisema mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nilikuwa na machungwa. Akaona hayatoshi. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kichupa cha marashi ya waridi, akakisokomeza mwenyewe kwenye mkoba wangu, akisema wagonjwa wanachoka na harufu ya dawa. Njiani nilikitoa mara mbili nikitaka kukitupa. Nikakirudisha mara mbili.

Chamazi siku hiyo kulikuwa na mechi. Kelele za uwanjani zilifika mpaka chumbani alikolala, zikipanda na kushuka, na kila zilipopanda alifumba macho kidogo. Alikuwa amekuwa mwepesi. Ngozi ya mikono ilikuwa kama karatasi ya kufungia maandazi, ina madoa ya zambarau kila mahali ambapo mtu alimshika kumgeuza. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akasema nisimshike, kamba zimechoka. Kisha akatulia, na pua yake ikaelekea kwenye mkoba wangu niliouweka sakafuni.

"Umekuja na waridi," alisema.

Mkwewe alikuwa ametoka kwenda kutengeneza chai. Tulikuwa sisi wawili na ile harufu.

"Siku ile niliisikia pale pale dirishani, kabla sijaishika vizuri. Ningeifungua mbele yako. Foleni yote ilikuwa inatazama, nikaona nitakuumbua, mtoto wa dada msusi. Nikasema nikusitiri. Nikaipokea." Alipumzika. "Nilipoifungua, kinyama kilikuwa kimeshajila chenyewe. Kikitoka mwilini kinajila, dawa ndiyo inayokizuia. Ningewapigia siku ile ile, wakate upya. Badala yake nikakaa nacho wiki tatu. Nikajaribu kila rangi niliyokuwa nayo. Nilitafuta kamba hata moja inijibu. Sikutaka kuja pale barazani kumwambia dada kwamba mmekiosha."

Niliona kwamba ameishi na hizo wiki tatu kama mimi nilivyoishi na lile neno langu moja. Nilidhani kujua hivyo kungenipa nafuu. Hakukunipa.

Uwanjani wakashangilia. Akasubiri wanyamaze.

"Ile chupa ilifunguliwa?"

"Ilifunguliwa, Mzee," nikasema. "Na nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, mara moja, kama alivyofanya zamani mteja wa mama alipoelewa somo. Hakunilaumu, wala hakusema amenisamehe. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote hiyo, kama kinyama kingesomeka, mama angepona?

"Sijui," alisema. "Ukoo wake hatukuujua. Ungekuwa wa kupona, au wa kutopona, vyote vilikuwa ndani ya ile chupa. Sijui, mwanangu, na hakuna tena mtu wa kumuuliza."

Chai ililetwa. Aliinywa kwa kijiko, mimi nikiishika bakuli. Nilipoinuka kuaga, aliniomba kile kichupa nikiache kwenye stuli, pale ambapo mkono wake ungekifikia. Kisha akaniagiza nimwambie Mama Mkubwa kwamba ameshukuru sana, na nisimwambie kingine chochote, leo wala kesho, mpaka Mungu atakapomchukua. Nikamwitikia ndiyo. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia, maana mwezi haukuisha akawa amefariki.

Nilifika nyumbani Mama Mkubwa akiwa amekaa barazani, kwenye kigoda cha mama, akingoja habari. Akauliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema hivyo hivyo. Akauliza kama yale marashi aliyapokea.

"Ameyapokea," nikasema. "Anashukuru sana."

"Nilijua tu atayapenda," akasema, akaomba nimshike mkono aingie ndani kutawadha.